Lori Lisilokuwepo

Waingereza huua mtu mmoja tu, tena mapema, kisha hukaa naye vipindi sita wakinywa chai. Wamarekani wakiichukua hadithi hiyohiyo huua watu wanne, na chai hawanywi. Hayo nimeyajua kazini. Mimi ni msusi. Saluni yetu iko ghorofani katikati ya jiji la Durban, juu ya duka la simu, na ukutani tuna televisheni tunayoichomekea flashi. Mteja wa rasta ndogondogo hukaa saa sita, pengine saba, na bila tamthilia atakuuliza kila dakika mmefika wapi.

Lakini kuna jambo ambalo watengenezaji wa tamthilia hawakulifikiria. Msusi akifika kisogoni, mteja huinamisha kichwa, na hapo haoni kitu ila magoti yake. Isitoshe, wateja wetu wengi ni Wakongomani na Warundi, na Kiingereza cha Waingereza, kile cha kumeza nusu ya kila neno, hawakifuati. Kwa hiyo mimi, niliyezaliwa Uvira, nikasomea Kigoma na kujifunza Kiingereza hapa Durban kwa kugombana na watu, huwasimulia kwa Kiswahili huku vidole vikisuka. Sijisifu, ila walikuwapo waliopita saluni tano njiani kuja kwangu kwa ajili ya masimulizi tu.

Kati ya tamthilia zote, moja ndiyo ninayopaswa kuieleza, kwa sababu ndiyo iliyoniharibu. Ilikuwa ya Uingereza. Mwalimu wa kike anapotea katika mji mdogo wenye bahari ya kijivu. Mpelelezi ni mama mtu mzima, goti linamsumbua, koti lake ni lilelile kuanzia kipindi cha kwanza mpaka cha sita. Katika kipindi cha kwanza anamuuliza mume wa mwalimu mara ya mwisho alimwona mkewe lini. Mume hajibu. Anaosha kikombe. Kamera inamtazama akikiosha, akikisuuza, akikipangusa, na hata muziki hakuna. Muda wote huo mteja wangu kainama, na anachosikia ni maji ya bomba.

"Sasa banasema nini?" anauliza.

Ningemjibu nini? Kwamba mtu mzima anaosha kikombe? Nilimtungia. "Anasema, mke wangu alikuwa roho yangu, tangu aondoke nyumba imekuwa kaburi." Mteja aliguna, "Eh, maskini," nami nikaendelea na kisogo changu. Kila Waingereza waliponyamaza, mimi nilisema. Nilimpa mpelelezi mume aliyekufa ajalini. Nilimpa mwalimu barua ya mapenzi. Shida ilitokea kipindi cha sita, pale mpelelezi alipomkamata mume kwa sababu ya kile kikombe, kwani usiku ule vilinywewa vikombe viwili naye akaficha kimoja kwa kukiosha. Saluni nzima ikaniuliza, "Kikombe gani?" Nilikuwa sijawaambia. Nikacheka, nikasema Waingereza ndio waliosahau, na wakaniamini.

Mwaka uliofuata toleo la Wamarekani likatufikia. Hadithi ileile, mji mwingine, jua kali. Mpelelezi sasa ni msichana wa viatu virefu, goti zima kabisa, na ana mume aliyekufa ajalini. Mume wa mwalimu haoshi kikombe. Anakipasua ukutani na kulia kwa sauti kwamba mkewe alikuwa kila kitu kwake. Hata muuaji wamembadilisha, amekuwa mgeni mwenye bastola ambaye hakuna aliyemjua, ili mwenyeji yeyote asiaibike. Mteja mmoja wa Lubumbashi alinigeukia nywele zikiwa nusu, akaniambia, "Dada, hii njo ile yako kabisa!"

Nilivimba kichwa. Wiki nzima nilitembea barabarani nikijiambia kwamba Wamarekani wamelipwa kwa kazi niliyoifanya bure. Niliwaona Waingereza ni wachoyo wa maneno, watu wanaokupa sahani tupu na kukutaka ushibe.

Mtu mmoja tu hakukubaliana nami. Juu ya ngazi, mlangoni pa saluni, alikuwa akikaa Mama mmoja Mrundi na cherehani yake. Alikuwa akipunguza suruali na kubadilisha zipu, na akichoka aligeuza kiti kidogo ili aone televisheni. Hakunizaa, ila tangu nihamie saluni ile alinichukua kama mwanawe. Kila asubuhi alikuja na uji wa mtama kwenye chupa ya chai, akaninywesha mimi kwa bakuli la bati lenye ukingo wa buluu, lililobanduka rangi upande mmoja, na yeye akanywea kikombe cha plastiki. Bakuli hilo hakuniruhusu kuliosha hata siku moja. Nilimtania kwamba ananiona mchafu. "Wacha, nitaliosha mimi," alisema, na huo ndio ulikuwa mwisho wa maneno.

Kuhusu zile tamthilia mbili aliniambia hivi: "Wale wa kwanza banasema kidogo, lakini ninawasikia. Hawa wa pili banasema sana, siwasikii." Nilicheka. Nilidhani ni kwa kuwa hajui Kiingereza.

Mwezi huohuo aliitwa kwenye mahojiano ya karatasi zake za ukimbizi. Mkalimani wa siku ile hakuwapo, wakasema mwenye mtu wake aingie naye. Mama akanitazama. Nilikuwa nimevaa vizuri, nilikuwa nimevimba kichwa kama nilivyosema, nikaingia.

Aliyetuhoji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mafua, anapangusa pua na kuchapa kwa vidole viwili. Alimwambia Mama aeleze siku mumewe alipochukuliwa. Mama akaweka mikono mapajani, akaniambia mimi kwa Kiswahili:

"Ilikuwa asubuhi. Mume wangu alikuwa anakunywa uji. Walikuja watu, wakamwita jina. Akaweka bakuli chini, akatoka nao. Mimi nikaosha bakuli."

Nikangoja. "Halafu?"

"Basi."

Ofisa aliniuliza amesema nini. Sijawahi kuogopa hivyo mbele ya mtu mwenye mafua. Nilimwona Mama kwa macho ya yule ofisa: mwanamke mkavu, hana hata chozi, anazungumzia vyombo. Nikafikiri, hawatamwamini, watamrudisha, na atakuwa amerudishwa kwa sababu hajui kulia. Mdomo wangu ukafanya kazi yake ya kila siku. Nilisema walikuja watu watatu wenye sare. Nilisema walimtupa mumewe ndani ya lori. Nilisema huyu mama alilikimbilia lori lile miguu mitupu mpaka mwisho wa kijiji, akashika mlango wa nyuma, wakampiga kwa kitako cha bunduki, akaanguka akiliita jina la mumewe. Bakuli sikulitaja. Niliona linapunguza ladha.

Ofisa aliacha kupangusa pua, akachapa kwa kasi. Mama alikuwa akinitazama kwa shukrani, maana alisikia nasema mengi, akajua najitahidi. Tulipotoka alipewa karatasi ya muda, akaikunja mara nne na kuiweka kifuani. Nikamwambia, "Tumewaweza." Kusema kweli, nilijisikia mwandishi.

Miezi ikapita. Halafu asubuhi moja alinikabidhi barua nimsomee, nami niliisoma kimya kwanza. Alikuwa ameitwa tena. Safari hii ofisi ingeleta mkalimani wake wa Kirundi, na Mama angesomewa maelezo yake ya kwanza neno kwa neno, kisha aulizwe juu yake. Nilimsomea tarehe tu. Nikamrudishia barua, nikaingia chooni, nikakaa juu ya ndoo.

Hofu niliyokuwa nayo wiki tatu zile sijui niieleze vipi bila kuongeza kitu, na kuongeza nimeapa kuacha. Niseme tu kwamba vidole vilitoka jasho, nywele zikawa zinaniteleza, na wateja wakalalamika. Kila kiatu kilichopanda ngazi nilidhani ni mtu wa serikali. Siku zile kulikuwa na watu waliosimama milangoni mwa kliniki wakiwauliza wageni karatasi, na Mama ni wa presha, vidonge vyake huvipata huko. Karatasi ile iliyokunjwa mara nne ndiyo iliyompitisha siku za bahati. Nilimwona anasomewa habari za lori. Nilimsikia akijibu ukweli, na ofisa akiandika neno moja, mwongo. Baada ya neno hilo hakuna karatasi tena. Na nilijiogopea mimi pia, lazima niseme. Nilifikiri watauliza ni nani aliyefasiri, na karatasi zangu nazo zina tarehe ya kwisha.

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa baya. Nilitaka kumfundisha lori. Asubuhi moja, bakuli la uji mkononi, nikaanza, "Mama, wakikuuliza kuhusu lori..."

"Lori gani?" akasema.

Alisema vilevile saluni ilivyoniuliza kikombe gani, kwa mshangao uleule. Nikasema hapana, nilikuwa nazungumza habari ya tamthilia. Nikamaliza uji ukiniunguza, na bakuli akalichukua akaenda kuliosha.

Zilipobaki siku mbili, alikuja mwenyewe kukaa kwenye kiti changu. Alitaka asukwe mistari ya kawaida ya kurudi nyuma, aonekane nadhifu mbele ya wakubwa. Saluni ilikuwa haina mtu, televisheni imezimwa, na chini madereva wa teksi walikuwa wakiita abiria. Nilisuka pole pole kwa makusudi. Nilipofika kisogoni akainama, na kwa kuwa sikuweza kuona uso wake, wala yeye wangu, nikasema.

Nilisema yote kwa pumzi moja. Kwamba siku ile sikufasiri, nilitunga. Kwamba waliyoandika si yake. Kwamba nilidhani namsaidia, na kwamba nimeogopa wiki tatu na sijui la kufanya. Hakuinua kichwa.

"Nisimulie vile ulisema," akaniambia. "Kama unavyosimulia ya televisheni."

"Mama, tafadhali."

"Nisimulie."

Nikamsimulia. Sijawahi kusimulia vibaya kama siku hiyo. Watu watatu, sare, lori, miguu mitupu, kitako cha bunduki. Kila neno lililonipendeza kule ofisini sasa lilinichefua. Nilipomaliza alinyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile sikujaza kimya cha mtu.

"Huyo mama alikimbia," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Miguu mitupu."

"Ndiyo, Mama."

"Mimi sikukimbia." Alisema akiyaambia magoti yake. "Hakukuwa lori. Walienda kwa miguu, pole pole, mume wangu katikati. Niliwaona kwa dirisha mpaka kwenye migomba. Ningetaka kuwafikia, ningewafikia. Nilibaki ninaosha bakuli. Nilisema, akirudi alikute safi."

Nililia, na machozi yakamdondokea kichwani kwenye mstari niliokuwa nimeufungua. Nilikuwa nimemwogopa ofisa, nikaogopa lori kugundulika, lakini hili sikuwa nimeliogopa kwa sababu sikulijua: kwamba nilimwandikia mama huyu mtu bora kuliko yeye, nikampeleka kwa serikali kwa jina lake. Nikamwambia nitaenda naye, nitajitaja, nitasema kosa ni langu, wanifanye watakavyo.

"Utabaki inje," alisema. "Ndani nitasema mwenyewe. Sasa malizia nywele, shingo inauma."

Siku yenyewe tulifika mapema, foleni ikiwa imeshazunguka kona mpaka kwenye robot, taa za barabarani. Sikuwa nimekula. Kila aliyetoka mlangoni nilimsoma uso, aliyecheka na aliyeinama, nikijaribu kubashiri kama leo ofisa ni mkali. Mama alishika mfuko wake wa kitenge kwa mikono miwili. Getini mlinzi alimwambia afungue mfuko. Ndani mlikuwa na barua, karatasi iliyokunjwa mara nne, na kitu kilichofungwa kitambaa. Mlinzi akakifungua.

"Eish, gogo," alisema, kwa maana ya bibi, "unaenda kula humo ndani?"

Lilikuwa bakuli la bati lenye ukingo wa buluu.

Mama hakunitazama. Alilifunga tena, mlinzi akasema, "Sharp, gogo, pita," naye akapita. Mimi nikabaki upande wangu wa geti. Miaka miwili nilikuwa nimenywa uji humo, nikilalamika sukari kidogo. Nikahesabu mipaka kutoka Burundi mpaka Durban, mabasi aliyopanda, kambi aliyolala, na kila mahali bakuli liko ndani ya mfuko. Nikakaa ukingoni mwa barabara.

Alikaa ndani tangu asubuhi hadi watu wa ofisi walipoanza kutoka kwenda kula mchana. Niliomba kila sala niliyoijua, na zilipoisha nikaomba bila maneno. Nilijiambia kwamba wamemkamata. Nilijiambia kwamba ameanguka kwa presha na hakuna wa kunijulisha. Mara mbili nilikwenda getini kutaka kuingia nikajitaje, na mara mbili nilirudi, na hofu iliyonirudisha naikumbuka mpaka leo kwa aibu.

Alitoka akitembea pole pole, mfuko kifuani. Tulivuka barabara kwanza, ndipo akanieleza.

"Walinisomea yako. Wakaniuliza lori lilikuwa rangi gani. Nikasema hakukuwa lori. Sikukimbia, hakuna mtu alinipiga. Wakauliza mbona hapa imeandikwa hivi. Nikasema, mwenye kufasiri aliogopa."

Nikauliza, "Walikuuliza jina langu?"

"Waliuliza. Nikasema nimelisahau, niko mzee." Akahamisha mfuko mkono wa pili. "Halafu nikaweka bakuli kwenye meza. Mkubwa wao akaligeuza, akatazama chini yake, akaliweka. Akaandika mingi. Lakini mimi nilisema kidogo."

Walimgongea muhuri wa miezi sita na kumwambia jibu litakuja. Linaweza kuwa ndiyo, linaweza kuwa hapana. Maelezo mawili yasiyofanana ya mtu mmoja si jambo dogo, na hilo alielezwa waziwazi. Ninapoandika haya jibu bado. Viatu vikipanda ngazi moyo wangu bado unaruka, na yeye anaendelea kukanyaga cherehani.

Alasiri ileile nilirudi kazini. Mwenzangu alikuwa ameweka tena ile ya Waingereza, na mteja niliyempokea alikuwa tayari ameinama. Bomba likafunguliwa kwenye televisheni.

"Banasema nini?" akauliza.

"Hasemi kitu. Anaosha kikombe."

"Njo hiyo tu?"

"Hiyo tu. Sikiliza."

Akaguna kwa kutoridhika, na nadhani hatarudi. Cherehani ya Mama ilinyamaza kidogo mlangoni, kisha ikaendelea.

Asubuhi iliyofuata nilipanda ngazi nikiwa nimeamua kumwambia asinipe tena uji. Nilimkuta ameshamimina. Bakuli lilikuwa juu ya cherehani, linatoa mvuke, upande uliobanduka ukinielekea. Nilisimama. Nikamwambia siwezi, Mama, lile la mume wako siwezi kulitia mdomoni, nitalichafua.

Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na hakuinua macho.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Nitaliosha."